Kiendeshi cha HD DVD na hesabu ya aliyekinunua

Mpwa wangu anayesoma Texas alinipigia simu akiwa amesimama dukani mbele ya rafu ya PlayStation 5. Kulikuwa na masanduku mawili ya konsoli: moja lenye kiendeshi cha diski, dola 499.99 kwa bei ya wakati ule, na jingine lisilo na kiendeshi, dola 449.99. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha tatu, kidogo, chenye kiendeshi peke yake, dola 79.99.

"Mjomba, nichukue ipi? Hiki cha diski si naweza kukiongeza baadaye nikikihitaji?"

Nilimwomba asinunue kitu siku ile. Swali lake likaendelea kunisumbua kwa majuma kadhaa, nikilala nalo na kuamka nalo, kwa sababu halikuwa swali jipya. Liliulizwa kwa maneno yaleyale mwaka 2006, kuhusu konsoli nyingine na diski nyingine, na waliolijibu kwa fedha zao walikuja kuona matokeo ndani ya miezi kumi na mitano.

Hesabu ya Novemba 2006

Xbox 360 ilikuwa imetimiza karibu mwaka mmoja sokoni pale Microsoft, iliyoitengeneza, ilipoleta kiendeshi cha nje cha HD DVD, diski ya filamu za HD, yaani zenye picha kali kuliko ya DVD. Konsoli yenyewe ilikuwa ikisoma DVD za kawaida tu. Kiendeshi kiliuzwa dola 199.99 pamoja na rimoti yake, na kazi yake ilikuwa moja: kuonyesha filamu za HD. Hakikuchezesha gemu hata moja, na Microsoft ilitamka tangu mwanzo kwamba gemu zake zingeendelea kutoka kwenye DVD.

Siku hizi kiendeshi kile hutajwa kama mfano wa fedha zilizotupwa baharini. Sikubaliani na hukumu hiyo, na nitaeleza sababu zangu kabla ya kufika penye shaka.

Mtu aliyetaka kuona filamu za HD kutoka kwenye diski mwaka ule alikuwa na milango michache ya kupita. Mtambo wa kwanza wa HD DVD wa Toshiba, kampuni iliyoongoza upande wa diski hiyo, uliingia Marekani mwezi wa Aprili kwa dola 499. Mtambo wa kwanza wa Samsung wa Blu-ray, diski iliyoshindana na HD DVD, ulifuata mwezi wa Juni kwa dola 999. PlayStation 3 ya Sony, iliyokuwa na Blu-ray ndani yake, ilifika Novemba hiyohiyo kwa dola 499 ile ndogo na dola 599 ile kubwa, na kuipata dukani ilikuwa kazi nyingine. Mbele ya bei hizo, mwenye Xbox 360 aliyekwisha kuilipia aliambiwa aongeze dola 199.99 tu.

Wapo waliosema rahisi inavunja upishi. Hapa, hata hivyo, unafuu wa bei haukutokana na uduni wa kitu. Kiendeshi kile kilikuwa na leza ya kusomea diski na sehemu chache za kuisaidia. Kazi nzito ya kufumbua picha, ambayo katika mitambo ya kwanza ya Toshiba ilihitaji karibu kompyuta nzima ndani ya kasha, ilifanywa na prosesa ya Xbox yenye viini vitatu, ambayo mnunuzi alikuwa nayo sebuleni tayari. Mtu hakulipia ubongo mara mbili. Sijaona hoja iliyonishawishi kwamba bei hiyo haikuwa ya haki.

Hesabu ilibadilika kwa yule asiyekuwa na konsoli yoyote. Xbox 360 yenye diski ngumu ilikuwa dola 399.99, ukiongeza kiendeshi, jumla inakaribia kabisa bei ya PlayStation 3 kubwa. Kwa fedha hizohizo angepata kasha moja badala ya mawili, waya mmoja wa umeme badala ya miwili, na tundu la HDMI ambalo Xbox za wakati ule hazikuwa nalo.

Kwa hiyo thamani ya kiendeshi ilitegemea ulichokuwa nacho ulipoingia dukani. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Sebuleni kwa rafiki

Niliwahi kukishika. Rafiki yangu alirudi Tanga kutoka Marekani na Xbox yake, na kando yake kile kiendeshi, cheupe, chenye mbavu zilizobonyea kidogo kama za konsoli yenyewe ili viwili hivyo viendane vikisimamishwa pamoja. Kilikuwa na adapta yake ya umeme na waya wa USB ulioingia nyuma ya konsoli. Kwa kuwa waya huo ulimeza tundu la USB la nyuma, wabunifu walikiwekea kiendeshi matundu mawili zaidi mgongoni, jambo dogo lililonifurahisha, kwa sababu lilionyesha kwamba kuna mtu aliyekaa akamfikiria mtumiaji mwenye vifaa vingine vya kuchomeka.

Umeme wa Marekani si wetu, hivyo konsoli ililishwa kupitia transfoma ya kushushia volti iliyokuwa ikinguruma chini ya meza. Picha ilipita kwenye nyaya za component, nyekundu, kijani na buluu, hadi kwenye televisheni. Filamu ilipoanza, feni za konsoli zilisikika katika kila pahali palipokuwa na ukimya. Lakini picha! Niliona nyuzi za shati la mwigizaji. Niliona vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Menyu ilifunguka juu ya filamu bila kuikatisha, jambo ambalo DVD haikuwahi kutuzoesha.

Lililonigusa zaidi lilikuwa jingine. Diski tuliyoitazama ilinunuliwa Uingereza na shemeji yake, na mtambo ulikuwa wa Marekani. DVD isingekubali hivyo, kwa kuwa dunia ya DVD iligawanywa kwa namba: Marekani kanda ya 1, Uingereza kanda ya 2, na sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, tukatupwa kanda ya 5. Blu-ray nayo iliendeleza ugawaji huo kwa herufi, Afrika ikawekwa kanda B pamoja na Ulaya huku Marekani ikiwa A. HD DVD haikuwa na kanda kabisa. Diski ya popote ilichezeka popote.

Kwa watu wenye ndugu katika nchi tatu au nne, ambao mizigo yao hupanda ndege tofauti na kukutana sebuleni, uhuru huo si jambo la pembeni. Ndiyo maana nilikipenda kiendeshi kile kuliko wengi waliokiandika, na ndiyo maana kisa chake kinanisumbua.

Mkono wa pili wa Microsoft

Shaka yangu ya kwanza ilianza pale nilipopanga matukio ya Novemba 2006 kwa tarehe.

Kiendeshi kiliingia madukani mapema mwezi ule. Tarehe 22 ya mwezi huohuo, Microsoft ikaanzisha huduma ya kuuza vipindi vya televisheni na kukodisha filamu kupitia intaneti, zikishuka moja kwa moja kwenye diski ngumu ya Xbox 360, nyingine zikiwa za HD. Picha yake ilikuwa ya ubora wa 720p, chini ya ile ya diski, na wakati ule kushusha filamu moja kuliweza kuchukua saa nyingi. Hata hivyo, nia ilionekana. Kampuni iliyokuuzia kiendeshi cha kusoma filamu kwenye diski ilikuwa, katika mwezi uleule, ikijenga njia ya kuifanya diski isihitajike.

Nilijaribu kuitetea. Kampuni kubwa hupanda mbegu kadhaa kwa pamoja bila kujua ipi itaota, na hakuna ubaya katika hilo. Kuanzia Novemba 2008 Netflix ilikuwa ndani ya Xbox 360, na anayeangalia nyuma ataona kwamba njia ya intaneti ndiyo iliyokuwa na mbele ndefu. Microsoft ilikisia vizuri.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa kiendeshi hakuwa na mbegu kadhaa. Alikuwa na moja, ya dola 199.99, na filamu alizozinunua juu yake.

Halafu kuna jambo la historia ya Microsoft yenyewe. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa na uwezo wa kusoma DVD ndani yake, lakini haikuonyesha filamu mpaka ununue kifurushi cha rimoti na kipokezi chake kwa dola 29.99, ili gharama za leseni za DVD zibebwe na wanaotaka filamu peke yao. Sony ilikuwa imefanya kinyume. PlayStation 2 iliingia Japani mwezi wa Machi 2000 ikionyesha DVD bila nyongeza yoyote, na watu wengi kule waliinunua kwanza kama mtambo wa filamu. Kiendeshi cha HD DVD kilikuwa wazo lilelile la mwaka 2001 katika kasha kubwa zaidi: anayetaka alipe, asiyetaka asiguswe.

Kwa muda mrefu niliona huo ndio uadilifu wenyewe. Kwa nini kijana anayetaka kucheza mpira wa kwenye skrini alipie leza ya filamu asizozitazama?

Mpangaji na mtoto wa nyumbani

Sony ilimlipisha kijana huyo. Kila PlayStation 3 ilikuwa na Blu-ray, utake usitake, na uamuzi huo uliigharimu kampuni vibaya. Konsoli ilichelewa kutoka majira ya kuchipua ya 2006 hadi Novemba, kwa kuwa ulinzi wa Blu-ray dhidi ya kunakiliwa haukuwa umekamilika, na Ulaya hadi Machi 2007, kwa kuwa diodi za leza ya buluu hazikutosha. Iliuzwa ghali, tena kwa hasara. Xbox 360 ikapata mwaka mzima wa kujijenga bila mpinzani.

Lakini Sony isingeweza kuikimbia Blu-ray bila kuikimbia PlayStation yake. Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka. Kiendeshi cha Microsoft kilikuwa mpangaji: kililala chumba cha uani, kilichangia umeme, na siku mwenye nyumba akibadili mawazo kingepewa notisi bila ukuta wowote kubomolewa. Blu-ray ndani ya PlayStation 3 ilikuwa mtoto wa nyumbani. Kumtoa kungebomoa nyumba.

Tofauti hiyo ilionekana kwenye gemu pia. Sega ilikwisha kuonja uchungu wa nyongeza: Mega-CD yake, kiendeshi cha CD cha kuongezwa kwenye konsoli, ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1991, ikafika Marekani mwaka uliofuata kwa dola 299, halafu mwaka 1994 ikaongezwa nyongeza nyingine, 32X. Watengenezaji wa gemu hawapendi kumtengenezea mtu kifaa ambacho jirani yake hana. Hutengeneza kwa ajili ya kile ambacho kila mmoja anacho. Nadhani Microsoft ilijifunza hapo, ndiyo maana ikaapa kwamba kiendeshi cha HD DVD hakitagusa gemu. Hilo liliwalinda wachezaji wasigawanyike, nami nalisifu.

Ila lilikuwa na upande wa pili. DVD yenye tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, HD DVD hubeba hadi 30, Blu-ray hadi 50. Gemu zilivyozidi kunenepa, mmiliki wa Xbox 360 alianza kubadilisha diski katikati ya hadithi. Lost Odyssey ilikuja kwenye DVD nne. Final Fantasy XIII ilikuwa na diski tatu kwenye Xbox 360 na moja tu kwenye PlayStation 3. Nafasi ilikuwepo pale kando, ndani ya kiendeshi cheupe, na haikuweza kutumika, kwa sababu wengi hawakuwa nacho; na wengi hawakuwa nacho kwa sababu hakikuwa na gemu.

Jambo linaloniuma ni kwamba HD DVD haikuwa dhaifu kiufundi. Diski zote mbili zilisomwa kwa leza ya nanomita 405. Blu-ray iliweka data milimita 0.1 tu kutoka usoni mwa diski, ikapata nafasi kubwa lakini ikahitaji mitambo mipya ya kuizalisha na koti gumu la kuikinga na mikwaruzo. HD DVD iliweka data milimita 0.6 ndani, kina kilekile cha DVD, hivyo viwanda vya DVD vingeweza kurekebishwa badala ya kujengwa upya. Mitambo yake iliwajibika tangu siku ya kwanza kuwa na tundu la mtandao na uwezo wa kuonyesha picha ndani ya picha. Blu-ray ilianza kuuzwa masharti yake yakiwa hayajakamilika, na baadhi ya mitambo ya mwanzo haikuweza kabisa kufikia yale yaliyokuja baadaye.

Kilichokamilika kilishindwa na kisichokamilika.

Majuma saba

Mwaka 2007 ulikuwa wa kuvutana. Mwezi wa Agosti studio za Paramount na DreamWorks zilihamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba zililipwa fedha nyingi kufanya hivyo. Kiendeshi cha Xbox kikashushwa hadi dola 179. Kisha mwanzoni mwa Novemba Walmart ikauza mtambo kamili wa HD DVD wa Toshiba kwa chini ya dola 100.

Ningemwomba msomaji asimame hapo kidogo. Hoja yote niliyoijenga juu ya bei ilibomoka siku ile. Ndani ya mwaka mmoja tu, kifaa cha nyongeza kinachotegemea konsoli kilikuwa ghali kuliko mtambo unaojitegemea, na wala si Blu-ray iliyokipiga pigo hilo, ni upande wake mwenyewe. Toshiba ilihitaji kuuza mitambo mingi kwa haraka, na haikuwa na sababu ya kumhurumia mpangaji wa nyumba nyingine.

Mengine yalikwenda kasi. Tarehe 4 Januari 2008, Warner Bros., iliyokuwa ikiuza filamu zake kwa diski za aina zote mbili, ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya CES ya Las Vegas yalikuwa yaanze siku chache baadaye, na kundi lililotangaza HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi. Tarehe 11 Februari Netflix, iliyokuwa ikikodisha diski, na maduka ya Best Buy zikaelemea Blu-ray. Tarehe 15 Walmart ikafuata. Tarehe 19 Toshiba ikatangaza kuacha. Tarehe 23 Microsoft nayo ikatangaza kwamba haitatengeneza tena kiendeshi, na vilivyobaki vikauzwa dola 49.99.

Kutoka Warner hadi Microsoft yalikuwa majuma saba.

Xbox 360 haikutikisika. Iliendelea kuuzwa kwa miaka mingine mingi, na hilo ndilo linalonionyesha maana halisi ya kuuzwa kando. Mpango uliokuwa wa haki katika bei ulikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekisoma kwa sauti: faida ya kiendeshi ikija, kampuni na mnunuzi watagawana, hasara ikija, mnunuzi atabaki nayo. Sony ililazimisha kila mteja alipie Blu-ray, lakini ilijifunga kamba hiyohiyo shingoni. Mteja wake na kampuni walizama au kuogelea pamoja.

Sisemi kwamba Sony ilifanya hivyo kwa huruma. Nasema tu kwamba ahadi ya mtu aliyeweka mali yake rehani ina uzito kuliko ya asiyeweka kitu.

Jibu nililompa mpwa wangu

Kiendeshi cha PlayStation 5 si cha mwaka 2006, na nilimweleza mpwa wangu hivyo. Hakuna vita ya diski mbili. Blu-ray ya 4K haina mshindani wa aina yake, tena haina kanda. Pia kinasoma gemu, na kwetu hilo ni kubwa. Gemu ya diski ikimalizwa huuzwa, hubadilishwa, huazimwa. Ya kushusha, mbali na kula bando la makumi ya gigabaiti, hubaki kwenye akaunti ya aliyeilipia.

Hesabu ya dukani ilikuwa nyepesi. Kuchukua isiyo na kiendeshi na kukiongeza baadaye kungemgharimu dola 30 zaidi. Na "baadaye" si siku iliyohakikishwa: PlayStation 5 Pro ilipotangazwa mwaka 2024 bila kiendeshi ndani, kwa dola 699.99, wengi walikimbilia viendeshi wakavikosa madukani kwa muda.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni sharti lililoandikwa sandukuni. Kiendeshi hicho, hata kikija pamoja na konsoli, lazima kioanishwe nayo kupitia intaneti kabla hakijafanya kazi. Kile cha Xbox kiliomba tu uingize diski ya programu. Zaidi ya hapo hakikuomba ruhusa ya mtu. Wamiliki waligundua mapema kwamba ukikichomeka kwenye kompyuta ya Windows kinasoma, na kwa hiyo kiliishi hata baada ya kutelekezwa. Kiendeshi kinachohitaji kutambulishwa na seva za kampuni kinaishi kwa muda ambao seva hizo zipo. Huyu ni mpangaji ambaye hata ufunguo wa chumba chake anautunza mwenye nyumba.

Nilimshauri achukue yenye kiendeshi, aiwashe na kuioanisha hukohuko kabla ya kufunga mizigo. Alifanya hivyo, ingawa aliniuliza, na ni haki yake kuuliza, kama sikuwa ninamnunulisha kitu kwa sababu ya huzuni zangu za miaka ile. Nilifikiri kabla ya kumjibu. Samsung iliacha kutengeneza mitambo ya Blu-ray kwa soko la Marekani mwaka 2019, na Best Buy iliondoa filamu za diski madukani mwake mwanzoni mwa 2024. Huenda diski yenyewe, na wala si kiendeshi tu, ndiyo iliyo chumba cha uani sasa. Nilimwambia ukweli huo, kisha nikamwambia kwamba kwa matumizi yake, na kwa wadogo zake watakaoicheza hapa Tanga, dola 50 za tofauti zitarudi kwa gemu chache za kubadilishana.

Waliorudishiwa na wasiorudishiwa

Hivi karibuni nilirudi kuchunguza ni nani aliyewafidia wanunuzi wa mwaka 2006 na 2007, kwa sababu niliona thamani ya kitu haikamiliki bila kujua kilivyozikwa.

Best Buy iliwapa waliokuwa wamenunua kwake mitambo ya HD DVD, pamoja na viendeshi vya konsoli, kadi za manunuzi za dola 50 kila mmoja. Duka lilifanya hivyo, si watengenezaji. Mwaka 2009 Warner ilianzisha mpango ulioitwa Red2Blu, ambapo mkazi wa Marekani aliyekuwa na HD DVD za studio hiyo aliweza kuzibadilisha kwa Blu-ray kwa dola 4.95 kila filamu, gharama za posta mbali. Mpango huo naona ulikuwa wa uungwana, na umezidi kuwa na maana kadiri miaka inavyokwenda, kwa kuwa HD DVD nyingi za Warner zimeoza ndani kwa ndani na hazisomeki tena hata kama hazina mkwaruzo mmoja. Wakusanyaji wanaozihifadhi huzijaribu moja moja kujua ipi bado inapumua.

Kadi ya dola 50 ilikuwa robo ya bei ya awali ya kiendeshi. Yule aliyekinunua Februari 2008 kwa dola 49.99, akijua fika kwamba diski hiyo imekwisha, huenda ndiye aliyepata thamani kubwa kuliko wote: filamu zilikuwa zikimwagwa kwa bei ya kutupa, kiendeshi kilisoma kwenye kompyuta, na hakukuwa na ahadi iliyobaki ya kuvunjwa. Yule wa Novemba 2006 alilipa mara nne ya hapo, na katika fedha zile mlikuwa na imani kwamba kampuni iliyomuuzia itasimama naye. Filamu zake za Warner zilipata mbadala kwa dola 4.95. Kiendeshi chenyewe, na filamu zake za studio nyingine, havikupata mpango wa namna hiyo kutoka kwa aliyekitengeneza.